🌙 TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: JUA LILIPOPATWA MADINA



Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo chake. Maneno yale yangempa Mtume sifa, lakini aliyakataa, tena akiwa msibani. Akafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Akawasalisha.

Leo wanafalaki wanajua mpaka dakika ambayo mwezi utalifunika jua. Je, ishara imefutika? Hapana. Kujua hesabu hakujatuambia ni nani aliyeipanga.

Basi kijana wako akikuambia, "Baba, sayansi imeshaeleza kila kitu, Mungu wa nini tena?", usimfokee, usimwite kafiri. Wala usiitetee dini kwa "miujiza" ya uzushi inayosambaa kwenye simu. Akigundua umemdanganya kwenye dogo, atakuamini vipi kwenye kubwa? Kaa naye baada ya futari, msikilize.

Ya Allah, tuzidishie elimu, utuhifadhie watoto wetu. Amin. 🤲