Kuitikia Usichokielewa: Je, ni Uongo?



Nikiwa na miaka 16 nilitoka Mbinga, nikashuka Mbamba Bay, nikavuka ziwa kwenda kusoma Malawi. Kimatengo nilikijua, Kiswahili pia. Kiingereza cha kuungaunga. Kichewa ndiyo kabisa. Nikajipatia mbinu: mtu akiongea, naitikia kwa kichwa, nasema "eya", yaani ndiyo. Wakicheka, nacheka. Jamani, inachosha!

Usiku mmoja mwenzangu wa bwenini akanieleza jambo kwa sauti ya chini. Nilidaka maneno mawili tu, amayi na mawa: mama, kesho. Nikasema eya. Akanishika mkono akashukuru. Kesho yake alinisubiri getini, mimi niko uwanjani nacheza mpira. Kumbe aliniomba nimsindikize kumzika mama yake. Akaenda peke yake.

Miaka baadaye, kwenye masomo ya falsafa, nikamsoma Mtakatifu Thoma wa Akwino. Kwake uongo hauishii mdomoni: anayekusudia kuonyesha jambo la uongo kwa ishara ya kichwa, naye amedanganya. Nikajitetea: mimi sikujua hata kama ni habari ya msiba! Sawa. Lakini nilitaka aamini kwamba nimemwelewa, ili nisionekane mshamba. Hapo sina utetezi.

Maana "sindikumvetsa", sielewi, nilifundishwa wiki ya kwanza. Na aliyenifundisha ni yeye.