Sifa za Mahali na Uongo wa Kunyamaza

Mpwa wangu anajenga nyumba ya wageni hapa Newala, si mbali na Shimo la Mungu. Kwa kuwa nilifundisha uandishi chuo cha ualimu miaka mingi, alinijia akisema, "Mjomba, niandikie maneno ya kuwavuta watalii." Kwetu Wamakonde mjomba hakatai kirahisi.

Ili nipate mfano, aliniletea kijitabu chenye picha za Sun City, Afrika Kusini. Huko, karibu na kasino, lipo jumba liitwalo Palace of the Lost City, lililofunguliwa mwaka 1992. Limetungiwa ngano: zamani za kale watu fulani walijenga jumba la fahari bondeni, tetemeko likaliangamiza, na sasa limefufuliwa. Kuna daraja linalotikiswa kwa mitambo, na bahari ya kutengenezwa yenye mawimbi, mbali kabisa na pwani. Watu hao wa kale hawakuwapo kamwe.

Je, huo ni uongo? Mwanzoni nilitaka kusema ndiyo. Lakini bibi zetu walituhadithia sungura na fisi, wala hakuna mtoto aliyemshitaki bibi yake, maana wote walijua wamo hadithini. Mgeni apitaye daraja lile naye anajua kuwa ni mchezo. (Ila yanikera kidogo kwamba mji wa kubuni unajulikana hivyo, na wengi wetu hatujafika kuyaona magofu ya kweli ya Kilwa Kisiwani, mkoa wa jirani.)

Kilichonisumbua ni yasiyoandikwa. Sun City ilifunguliwa mwaka 1979 katika Bophuthatswana, nchi bandia ya serikali ya ubaguzi wa rangi, ambayo Umoja wa Mataifa haukuitambua. Kamari iliyokatazwa Afrika Kusini iliruhusiwa huko. Mwaka 1985 wanamuziki wengi waliungana kuimba kwamba hawatapiga muziki pale. Kijitabu hakina hata neno moja juu ya hayo.

Wala hakitoi hesabu ya gurudumu la ruleti. Lina namba 37. Ukiweka shilingi moja juu ya kila namba, umetoa 37. Namba ishindayo inakulipa 35 na kukurudishia shilingi yako, jumla 36. Moja imebaki kwa mwenye nyumba, na hakuna ujanja wa kuizuia. Picha zote ni za washindi wanaocheka. Yawezekana kila picha ni ya kweli, lakini zikikusanywa pamoja zinadanganya. Matangazo ya kubeti yaingiayo katika simu za vijana wetu yana tabia hiyo hiyo.

Amri ya tisa yakataza ushuhuda wa uongo. Tumezoea kupima neno moja moja: hili kweli, lile si kweli. Mimi naona hapana budi tuulize pia msikilizaji ataondoka akiamini nini, na ataumia wapi.

Sisi wa kusini tunayajua maumivu hayo. Mwaka 1946 wataalamu wa Uingereza walizunguka Tanganyika kwa majuma machache, wakitazama mengi toka angani, kisha wakapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu zilimwe karanga. Nachingwea ikawa moja ya sehemu zilizochaguliwa. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zimepotea. Reli toka Mtwara nayo ilifungwa katika miaka ya 1960. Huenda wale waandishi waliamini walichoandika. Hilo lanitisha zaidi, maana nami nilipoanza kuisifia Newala kalamu ilikimbia yenyewe.

Nilipofika kwenye maji ikasimama. Kila mkazi wa uwanda huu ajua kwamba maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na ziko siku bomba hukauka. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, ukiandika hivyo hatakuja mtu." Yawezekana, naye ana mkopo na watoto wanne.

Basi niliandika habari za ukungu wa asubuhi ukiwa chini ya miguu yako pale Shimo la Mungu, na bonde la Ruvuma likifunguka taratibu jua lipandapo. Kisha nikaandika kwamba bomba likikauka kila mgeni atapewa ndoo mbili kwa siku. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaaga. Hajaniambia kama ataichapisha.