Je, Mkristu Aweza Kuugua Akili?

Siku za ubatizo zinapokaribia, wakatekumeni wengi hulichukua moyoni swali hili, wengine wakithubutu kulisema, wengine wakinyamaza: Nikiisha kubatizwa, je, huzuni na wazimu havitanishika tena? Swali si la mchezo. Katika jamaa nyingi yupo mmoja aliyeugua akili. Watu husema amerogwa; wengine husema ameacha kusali. Wapo waliopelekwa katika vyumba vya maombi, wakaamriwa wafunge chakula siku nyingi na kutupa dawa za hospitali. Wengine walifungwa kamba, hata minyororo. Naye mama wa mgonjwa, akiwa Mkristu, hukesha akijiuliza imani yake ilipungua wapi.

Basi yafaa kuitazama nyumba moja ya watakatifu. Huko Ufaransa, katika mji wa Alençon, alikaa fundi wa saa jina lake Louis Martin, aliyezaliwa mwaka 1823. Mwaka 1858 alimwoa Zélie Guérin, fundi wa kufuma lesi. Mungu aliwapa watoto tisa. Wanne walikufa wangali wadogo. Mabinti watano waliobaki wote wakawa watawa. Kitinda mimba ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, ambaye mwaka 1927 Papa Pius XI alimweka kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Saveri. Baba na mama walikwenda Misa kila siku alfajiri. Kama imani ingekuwa hirizi ya kukinga akili, ingaliikinga nyumba hii kwanza.

Haikuwa hivyo. Teresia alikuwa na miaka minne tu mama yake alipokufa kwa kansa ya titi, mwaka 1877. Dada yake Pauline akawa kwake kama mama wa pili. Naye alipoingia monasteri ya Karmeli huko Lisieux mwaka 1882, mtoto akawa kama yatima tena. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka kumi, alipatwa na maradhi ya kutetemeka na kuona mambo ya kutisha, hata mara nyingine hakuwatambua watu wake. Baba alimwita daktari, tena akaomba Misa zisomwe. Hakuona kwamba moja lalikana jingine. Tarehe 13 Mei 1883 Teresia akapona, dada zake wakiwa wanasali mbele ya sanamu ya Bikira Maria.

Ujanani jaribu likaja kwa mlango mwingine. Tangu mwaka 1885, kwa muda wa mwaka na zaidi, dhamiri yake ilijaa wasiwasi. Kila wazo dogo aliliona kuwa dhambi. Jambo hili laonyesha kwamba mambo ya dini yenyewe, yakishikwa kwa hofu, yaweza kumtesa mtu. Anayehesabu makosa yake usiku kucha hamtumikii Mungu vizuri kuliko anayelala.  Kila siku alimfungulia moyo dada yake mkubwa Marie, naye Marie akamwambia lipi la kuungama na lipi la kuacha.

Halafu uzee wa baba. Mwaka 1888 kumbukumbu zake zilianza kuvurugika. Siku moja alitoka nyumbani bila kumwambia mtu, akatafutwa siku kadhaa, akapatikana katika mji wa bandari wa Le Havre. Tarehe 12 Februari 1889 alipelekwa Caen, katika hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Bon Sauveur, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu. Watu wa Lisieux walinong’ona kwamba mabinti zake ndio waliomvunja akili kwa kumwacha na kwenda utawani. Masengenyo hayo ni ndugu wa yale ya vijijini mwetu, ila huko Ulaya hayakutaja uchawi. Waganga walieleza kwamba mishipa ya damu ya ubongo wake ilikuwa imekakamaa. Hakuwa na pepo, wala hakupungukiwa na imani. Mtu huyo aliyelala kati ya wenye wazimu alitangazwa na Papa Fransisko kuwa mtakatifu, pamoja na mkewe, tarehe 18 Oktoba 2015.

Imani basi ilifanya kazi gani? Ugonjwa haikuuzuia. Lakini akili ilipotulia kidogo, mzee yule aliweza kumwambia daktari kwamba hajapata kudhiliwa maishani, na kwamba Mungu ameona inamfaa. Na mabinti wawili, Léonie na Céline, walihamia Caen kwa miezi kadhaa, ingawa waliruhusiwa kumwona mara moja tu kwa juma. Aliporudi nyumbani mwaka 1892, miguu ikiwa imepooza, Céline alimwuguza hata kufa kwake mwaka 1894. Mgonjwa mwenyewe pengine hakuweza tena kusali. Waliompenda walisali kwa ajili yake na kumwosha.

Teresia naye, tangu Pasaka ya mwaka 1896 mpaka alipokufa tarehe 30 Septemba 1897, hakuona mwanga wowote wa mbinguni moyoni mwake. Aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake, akaishika bila kusikia utamu. Katika maumivu ya mwisho aliwaonya dada zake wasiache dawa za sumu karibu na mgonjwa anayeteseka hivyo. Anayedhani watakatifu hawajui giza hilo amedanganyika.

Kanisa lafundisha vivyo hivyo. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yasema kwamba kabla ya kumpunga mtu pepo, sharti kwanza ihakikishwe kwamba hilo si ugonjwa, maana kutibu magonjwa ya akili ni kazi ya waganga. Na sheria ya Kanisa yamkataza padri kupunga pepo bila ruhusa ya askofu. Ndiyo sababu huko Bukavu na Goma watawa waitwao Frères de la Charité wana nyumba za kuwatibu wenye maradhi hayo.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu asiyeitawala akili yake hakataliwi ubatizo. Sheria ya Kanisa yamhesabu kama mtoto mchanga katika jambo hilo. Haulizwi maswali ya katekisimu asiyoweza kuyajibu. Anayejiandaa kubatizwa, akiwa na ndugu wa namna hiyo amefungwa nyuma ya nyumba, na aende kusema na padri mapema, kabla majina hayajaandikwa.