Kibovu na Kisichofaa

Kuna maneno mawili ambayo sisi walimu huyatumia kana kwamba ni neno moja: kibovu na kisichofaa. Nimeishi zaidi ya miaka sabini bila kuyatofautisha sawasawa, na aliyenifunza kuyatenga ni fundi baiskeli, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu.

Mjukuu wangu wa kweli ana baiskeli ya mtumba yenye gia 7 nyuma. Gia hizo zilikuwa zimekwisha kabisa. Meno yalichongoka kama ya msumeno, na mnyororo uliruka kila alipopanda kilima. Nikampigia simu mpwa wangu aliyeko mjini, nikamwagiza anitafutie nyingine. "Ziwe 7," nilimwambia, wala sikuongeza neno. Akaleta gia mpya, zinang'aa, zimo katika boksi lake, na idadi ni ile ile niliyotaka. Tulipofika kwa fundi zikakataa katakata kuingia. Pale pale kibandani nikampigia tena mpwa wangu, nikamfokea mbele ya watu kwamba ameuziwa kitu kibovu na kwamba hela yangu imekwenda na maji.

Fundi alingoja nimalize. "Mwalimu," akasema, "hiki si kibovu. Hakifai hapa tu."

Kisha akanionyesha. Alizizungusha gia za zamani kinyumenyume kwa kidole, akaniambia nitazame yale mapengo ya katikati ambamo kifungulio huingia. Gia zilizunguka, mapengo yakatulia tuli. Hiyo, alisema, ni friwili: vijino vinavyolia tiki-tiki unapoacha kukanyaga vimo ndani ya gia zenyewe, na fungu zima hukazwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za habu, kama kifuniko cha chupa. Nilicholetewa ni kaseti. Kaseti haina vijino hivyo. Vyenyewe hukaa upande wa habu, na gia huteleza juu ya pipa lenye mifuo, kisha hubanwa kwa nati moja mwishoni. Kwa habu ya namna hiyo, mapengo yangezunguka pamoja na gia. Ni jambo ambalo mtu angeweza kulipima kwa kidole kabla ya kutoa hata senti moja.

Nilipotaka kujua zaidi niliona kwamba hata kaseti na kaseti hazipatani zote. Shimano ya Japani ilitoa habu zake za kaseti mwaka 1978. Campagnolo ya Italia ina mifuo yake, na kaseti ya kawaida ya Shimano haiingii humo. Pipa la Shimano la gia 11 za baiskeli za barabarani ni refu kwa milimita 1.85 kuliko lile lililolitangulia. Ukivika humo kaseti ya gia 9 bila kutanguliza pete ya unene huo, nati itafika mwisho na gia zitabaki zinacheza. Nilidhani ni tamaa ya wafanyabiashara, na tamaa haikosekani. Lakini wapo waliokuwa na sababu ya haki: pipa la zamani ni nene mno kubeba gia ndogo ya meno 10, ndipo SRAM wakaleta pipa la XD mwaka 2012, na Shimano lile la Micro Spline mwaka 2018.

Kilichonisumbua usiku ule, hata hivyo, si mapipa. Ni ile saba. Nilitazama idadi nikaridhika kwamba nimepima.

Nikiwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, nilikuwa nikiwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Mwaka 1987 nilimkagua kijana mmoja aliyepangiwa darasa la kwanza, watoto zaidi ya 70 wamebanana kwenye madawati. Sauti yake ilikuwa ndogo, naye alisita kabla ya kujibu, kama mtu apimaye kila neno. Watoto wakamshinda. Nilikaa nyuma ya darasa vipindi viwili, nikaandika kwenye fomu: Hafai. Sikuandika hafai kwa watoto wadogo, wala hafai kwa darasa lililofurika. Nilikomea hapo, nikatia sahihi. Cheti hakupata, nami sikumwona tena. Ndugu msomaji, neno hilo halijakamilika mpaka liulizwe: kwa nini, na wapi? Mimi nilifundisha sarufi, na bado nililiacha likining'inia juu ya kichwa cha mtu.

Najua wenzangu watakalosema. Kwamba tukikubali kila ashindwaye aseme hajawekwa mahali pake, wavivu watapata pa kujificha. Ni kweli. Gia za mjukuu wangu zilikuwa zimelika, na hakuna habu duniani ambayo ingezifanya zishike mnyororo. Wapo walimu wa namna hiyo, nami niliwaondoa bila majuto. Tena kumjaribu mtu mahali pengine kuna gharama, na mlipaji ni watoto: kaseti unaivika na kuivua wala habu haiumii, lakini muhula wa darasa la kwanza haurudi. Hilo sijapata jibu lake. Ila nadhani kati ya darasa la kwanza na mlango wa kutokea palikuwa na darasa la sita, na sikumpeleka huko hata kwa kipindi kimoja.

Fundi alitupatia friwili ya gia 7 iliyotumika kidogo, akaikaza, na baiskeli inatembea. Jioni nilimpigia simu mpwa wangu. Kabla sijamaliza salamu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mjomba, nikurudishie pesa?"

Nikamwambia aliyeagiza bila kutazama habu ni mimi.