Kahawa Ikipoa

Wanandoa wapendwa mnaochuma kahawa huko Meru na Embu, je, mwajua kwamba gredi ya AA hupatikana kwa chekeche? Huonyesha ukubwa wa punje tu. Utamu huamuliwa na ulimi wa mwonjaji.

Yeye humimina maji moto juu ya kahawa iliyosagwa, mara nyingi vikombe vitano vya sampuli moja, kwa kuwa punje moja iliyooza yaweza kuharibu kikombe kizima. Hunusa, hufyonza kijikoni kwa kishindo (adabu ya mezani haidaiwi hapo!), hutema. Kisha hungoja. Ikiwa moto, kahawa huficha mengi. Ikipoa, kasoro hujitokeza, na iliyo bora huzidi kupendeza. Hata kule Kana msimamizi wa karamu alishangaa kuona divai njema imewekwa hadi mwisho.

Ninyi mliooana miaka ishirini iliyopita, moto wa arusi umepoa. Onjeni sasa. Baba, jioni moja watoto wakishalala, mwulize mama aliyechuma na kubeba hadi kiwandani: katika malipo ya kahawa ya mwaka huu, wewe ulionja nini? Usimkatize anapojibu.