Ninyi Mnaofika na Kufuli

Ole wenu, wenye ploti wa Nairobi, mnaongoja mpangaji aende kibaruani ndipo mfike na kufuli! Ole wenu mnaong'oa mabati mvua ya Aprili ikinyesha, mtoto mchanga akiwa kitandani, kisha Jumapili mkaketi viti vya mbele na kuitikia amina.

Torati mnayosomewa kanisani ilimzuia mdai asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani; alisimama nje hadi aletewe. Ikakataza pia kushika jiwe la kusagia, kwa kuwa kulishika ni kushika uhai wa mtu. Nanyi mmeshika cherehani ya mshonaji, mkamwambia alete kodi ndipo aichukue. Hiyo kodi aipate kwa mashine gani?

Msiseme sheria imewafunga mikono. Deni ni deni, na mna haki ya kulidai. Kwa nyumba zenye kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi lipo baraza la kuamua migogoro ya kodi. Kwa duka au mkahawa wenye upangaji unaolindwa, notisi haipungui miezi miwili, na mpangaji aweza kuipinga. Kukamata mali kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni, si ya vijana wa mtaani mliowapa mia tano. Nanyi wabunge mlioacha kiwango cha 2,500 kisimame pale pale huku chumba kimoja cha bati kikikipita, mmewafungia wapangaji nje kabla mwenye nyumba hajafika.

Kesi huja baadaye, na humo uongo huzaana. Mwenye nyumba aapa hakuona televisheni. Msimamizi wa ploti, anayelishwa na mkono wake, ashuhudia vivyo hivyo. Shauri laahirishwa, laahirishwa tena. Magodoro yameoza uani, vyeti vya shule vya watoto vimelowa, na amri ya kurudisha vitu ikitoka, hakuna cha kurudishwa. Majirani, mlijua! Mliona sufuria zikitupwa, na wengine wenu mkaziokota.

Nawe mpangaji mwenye mshahara, unayekimbilia barazani ili ukae miezi bila kulipa: unamwibia mjane aliyejenga vyumba vitatu kwa mkopo, na kumharibia jina mwenzako aliyefukuzwa kweli.

Rudisheni vitu. Leo, kabla ya siku ya kutajwa kwa kesi, mbele ya mashahidi, kimoja kimoja kwa orodha. Kisha daini deni lenu barazani kama watu wanaomcha Mungu.