Jibu Lililokaa Kwenye Maboksi

Kati ya mwaka 1968 na 1973, watu 9,423 katika hospitali sita za wagonjwa wa akili na nyumba moja ya wazee jimboni Minnesota, Marekani, waliingizwa katika utafiti wa chakula. Kundi moja lilipikiwa kwa mafuta ya mahindi. Mkate wao ulipakwa majarini laini badala ya siagi, na hata nyama, maziwa na jibini vilitiwa mafuta hayo hayo. Kundi la pili lilikula kama ilivyokuwa kawaida ya hospitali. Hakuna aliyetakiwa kusaini fomu ya ridhaa, kwani milo yote miwili ilihesabiwa kuwa chakula cha kawaida.

Wazo lilikuwa hili: ukipunguza mafuta ya wanyama, lehemu itashuka kwenye damu, mishipa haitaziba, na watu hawatakufa kwa ugonjwa wa moyo. Lehemu ilishuka kweli, kwa karibu asilimia 14. Vifo havikupungua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1989, miaka 16 baada ya kazi kwisha, tena si yote. Sehemu kubwa ya takwimu ilibaki kwenye maboksi chini ya nyumba ya Dkt. Ivan Frantz, aliyeuongoza utafiti pamoja na Ancel Keys. Baada ya kifo chake, mwanawe Robert, daktari wa moyo, aliyatafuta na kuyakabidhi kwa timu ya mtafiti Christopher Ramsden. Uchambuzi wao ulitoka mwaka 2016: walioshuka lehemu zaidi ndio waliokufa zaidi.

Basi ile lehemu iliyoshuka ilikuwa na maana gani? Tunapokea karatasi ya maabara, tunaona namba imepungua, moyo unatulia. Lakini namba ni dalili tu ya jambo jingine, na jambo lenyewe ni uhai wa mtu. Bila kuhesabu waliobaki hai hatuwezi kujua kama dalili ile inasema kweli.

Kuna mahali ilisema kweli. Mwaka 1994 watafiti wa nchi za Skandinavia walitangaza matokeo ya wagonjwa wa moyo 4,444. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa 256. Kati ya waliopewa simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, walikufa 182. Namba ilishuka, na watu wakaishi. Kwa hiyo Minnesota haimpi mtu ruhusa ya kutupa vidonge vyake. Isitoshe, wagonjwa wengi kule waliruhusiwa kurudi makwao kabla hata ya mwaka kwisha, na uchambuzi wa kikundi kilichobaki una udhaifu wake.

Linaloniuma ni ule ukimya. Watu waliofungiwa wodini, wasio na uwezo wa kukataa sahani, walitoa miili yao ili swali lijibiwe. Mateso ya utafiti hupata maana pale jibu linapowafikia wengine, hata likiwa jibu ambalo hakuna aliyelitaka. Kulinyamazia ni kuwadhulumu mara ya pili. Sidhani Frantz alikuwa mwovu. Dhuluma hii haihitaji mtu mwovu, inatosha mtu aliyevunjwa moyo na matokeo yake.

Ukiombwa kushiriki utafiti, uliza kabla hujasaini: majibu yatatangazwa wapi, lini, na je, yatatangazwa hata yakiwapinga watafiti wenyewe? Hiyo ni haki yako.